Sakafu ya Banda la Ng'ombe wa Maziwa: Zege Kwanza, Rangi Baadaye

Ukitaka kujua hali ya sakafu ya banda la ng'ombe wa maziwa, usisimame katikati ya banda. Nenda penye hori, uiname. Mara nyingi utakuta saruji imeshaondoka, mchanga umelegea na kokoto zimetokeza kama meno, ilhali hatua mbili nyuma, pale ng'ombe anapolala, sakafu bado ni nzima. Fundi ni yuleyule, siku ni ileile, na saruji ilitoka duka moja. Sehemu moja imeliwa, nyingine haijaguswa.

Huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Njombe na Makete hadi Rungwe na vijiji vya Mbeya, wafugaji wengi wa ng'ombe wawili watatu wa kufungia ndani wameacha sakafu za udongo na magogo, wakamwaga zege. Baada ya miaka minne mitano linakuja swali: "Mtaalamu, hakuna rangi ya kupaka hapa pasiendelee kuliwa?" Zipo, na nyingine ni nzuri sana. Lakini mimi huwa sijibu kabla ya kuuliza mambo mawili: zege lilichanganywaje, na ni kitu gani kinachomwagika hapo palipoliwa? Nimeshaona dawa ya bei kubwa ikibanduka kama ganda la kitunguu ndani ya msimu mmoja, kwa sababu mwenye banda aliuziwa dukani kabla hajaulizwa maswali hayo.

Kinachokula zege ni uchachu

Zege lina asili ya chokaa. Likiwa jipya pH yake inapita 12 (pH ni kipimo cha uchachu: 7 ni katikati, na kadiri inavyoshuka chini ya hapo ndivyo uchachu unavyozidi). Kitu chochote kichachu kikiligusa kinayeyusha ile chokaa pamoja na gundi ya saruji inayoshikilia mchanga na kokoto. Wahandisi wa zege huanza kuhesabu madhara pale kioevu kinachogusa sakafu kinapokuwa na pH ya chini ya 6.5; kikishuka chini ya 4.5 wanakiweka kwenye kundi la hatari kubwa.

Sasa tazama vilivyomo bandani. Maziwa yaliyotoka kukamuliwa yana pH ya 6.6 hadi 6.8, hayo hayana neno. Yakimwagika yakaachwa kwenye ufa mpaka yakaganda, asidi ya laktiki inayashusha hadi 4.5 hivi. Maji yanayochuruzika kwenye sileji, yaani malisho yaliyoshindiliwa yakachachushwa ili yahifadhike, huwa karibu na 4, tena yamebeba asidi ya laktiki na asidi ya siki kwa pamoja. Molasi nayo ina ubaya wake: sukari hukamata chokaa ya saruji na kuitoa taratibu. Hori linapata vyote hivi. Linapata mabaki ya sileji, molasi, pumba zilizolowa zikachacha usiku, na juu yake ulimi wa ng'ombe ambao ni msasa mtupu. Uchachu unalegeza, ulimi unakwangua, kesho yake uchachu unakuta zege bichi la kuanza nalo upya. Ndiyo maana hori huliwa haraka kuliko sehemu nyingine yoyote ya banda.

Watu wengi wanaulaumu mkojo. Mkojo wa ng'ombe anayekula majani si mchachu. Kwa kawaida pH yake ni zaidi ya 7. Unaharibu, ndiyo, lakini polepole, kwa chumvi zake na kwa kuifanya sakafu isikauke. Ubaya mkubwa wa samadi na mkojo uko kwenye shimo lililofunikwa. Humo ndani hutoka ile gesi yenye harufu ya mayai viza, na bakteria wanaoishi kwenye ukuta wenye unyevu huigeuza kuwa asidi ya salfuriki. Ukifungua shimo la samadi la siku nyingi utaona ukuta umeliwa zaidi juu ya mstari wa tope kuliko chini yake. 

Kuna pia madhara ya mikono yetu wenyewe: chepe la chuma linalokwangua sakafu asubuhi na jioni, na zile dawa za asidi za kuondoa ukoko wa maziwa kwenye madebe zinazomwagwa palepale baada ya kuosha. Na hapa niseme jambo ambalo si la sakafu ila ni la uhai: usichanganye dawa ya asidi na dawa ya klorini kwenye ndoo moja, wala usimwage moja juu ya nyingine kabla ya kusuuza kwa maji mengi. Gesi inayotoka inaua.

Basi ramani ya banda inajichora yenyewe. Mahali panapohitaji kinga ya kupaka ni patatu: hori, pale unapokamulia na kuoshea vyombo, na sakafu ya sileji. Kwingine kote, zege zuri linajitosha. Anayekuambia upake banda zima anataka kuuza madebe.

Tena kabla ya kununua hata debe moja, punguza uchachu wenyewe. Matete yaliyokatwa machanga yana maji kwa zaidi ya asilimia 80. Ukiyashindilia hivyohivyo, lazima yachuruzike, na kinachochuruzika ni chakula cha ng'ombe kinachokula sakafu yako. Yaanike nusu siku hadi siku moja kabla ya kukatakata. Kisha chukua konzi ya majani yaliyokatwakatwa, kamua kwa nguvu. Maji yakitiririka vidoleni, bado. Kiganja kikilowa kidogo tu, na lile donge likifunguka polepole unapoachia mkono, shindilia. Mahindi yakivunwa punje zikiwa zimeanza kugeuka unga hayasumbui kiasi hicho. Migomba, ambayo wenzetu wa Rungwe hulishia sana, ni maji matupu. Mlishe ng'ombe, lakini usiache vipande vilale horini usiku kucha.

Mifuko miwili ya saruji

Tuseme unajenga banda la ng'ombe wawili: vitanda viwili vya kulalia vya upana wa mita 1.2 kila kimoja, njia ya kutembea, na sehemu ya kulia. Jumla chukulia mita za mraba 14, unene sentimita 10. Hiyo ni mita za ujazo 1.4 za zege. Kwa mchanganyiko uliozoeleka wa 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) utatumia mifuko 9 hivi ya kilo 50. Kwa mchanganyiko wa 1:1½:3, ambao ndio ningeutaka kwenye banda la ng'ombe wa maziwa, utatumia 11 au 12. Tofauti ni mifuko miwili, ikizidi sana mitatu. Linganisha na bei ya debe moja la epoksi, ile dawa ya kupaka inayokaa juu ya zege kama ngozi, halafu uniambie ni wapi pa kuanzia kutumia pesa.

Maji ndiyo yanayoharibu zege kabla hata ng'ombe hajaingia. Fundi anapenda zege la uji kwa sababu linajitandaza lenyewe. Kila tone lililozidi, zege likikauka, huacha kitundu, na kitundu ni mlango wa uchachu. Mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha lita 22 hadi 25: ndoo moja ya lita 20 na kopo mbili tatu. Mchanga ukiwa umenyeshewa, punguza zaidi. Zege litakuwa zito na fundi atanung'unika. Mpe chai, lakini usimpe ndoo ya pili.

Saruji nyingi zinazouzwa madukani kwetu zina pozolana, yaani majivu ya volkano yaliyosagwa. Kwenye mfuko utaona imeandikwa CEM IV, au CEM II yenye herufi P; si kila CEM II ina pozolana. Hizi si saruji za kudharau. Pozolana hula ile chokaa huru iliyobaki ndani ya zege na kuigeuza kuwa gundi, kwa hiyo uchachu unakuta kidogo cha kuyeyusha. Tatizo lake ni kwamba inachelewa kukomaa, hasa kwenye baridi. Siku saba za kumwagilia maji zinazosemwa kila mahali ndizo za chini kabisa. Kwa saruji yenye pozolana, kwa baridi ya Njombe au Makete, nenda siku 14. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa, nailoni au majani ya migomba, na zege lisikauke hata mchana mmoja. Zege lililokauka siku ya pili hubaki na unga juu maisha yake yote. Hakuna dawa ya kupaka inayoshika kwenye unga.

Chini ya zege, juu ya mawe na moramu iliyoshindiliwa, tandika nailoni nzito kabla ya kumwaga. Wengi huiruka kwa sababu haionekani. Kwa mfugaji wa Rungwe, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima na mabanda mengi yamekatwa kwenye mteremko, nailoni hii ndiyo itakayoamua kama rangi yake itadumu. Maji ya ardhini hupanda kupitia zege, na yakikuta epoksi juu, huisukuma mpaka itoe malengelenge.

Mwinamo usisahaulike: sentimita 2 kwa kila mita kuelekea mtaroni, sehemu ya kutembea hata 3. Pima kwa kamba na pima maji, si kwa jicho. Sakafu iliyonyooka kama meza ni sakafu yenye madimbwi, na dimbwi ni uchachu uliopewa muda.

Niru iachie sebule

Fundi aliyezoea nyumba za watu atamalizia banda kwa niru: saruji tupu iliyosuguliwa kwa mwiko mpaka ing'ae. Mwenye banda anafurahi kwa sababu inasafishika haraka. Ng'ombe yeye anaiona kama barafu. Ukimwona anatembea hatua fupifupi, miguu ya nyuma imetanuka, kichwa chini, huyo si mpole, anaogopa kuanguka. Ng'ombe anayeogopa sakafu huenda horini mara chache, hunywa maji mara chache, na akiwa kwenye joto hapandi wenzake wala hakubali kupandwa, kwa hiyo unakosa dalili na siku ya kumwita mpandishaji inapita. Akianguka akatanua miguu ya nyuma, wakati mwingine hainuki tena.

Kwenye njia ya kutembea, chora mistari zege likiwa bado bichi: upana na kina cha milimita 10 hivi, umbali wa sentimita 4 hadi 8 kutoka mstari hadi mstari. Nondo ya milimita 10 iliyonyooka, iliyofungwa kwenye ubao, inatosha kugandamizia. Mistari ifuate upande unaosukumia samadi, ili chepe lisikwame na maji yasituame. Pale ng'ombe wanapogeukia, pitisha na mistari ya kukatiza ili ipatikane miraba. Zege likishakuwa gumu, kwangua kingo za mistari kwa tofali au kipande cha zege kizito. Kingo kali hukata kwato.

Kwenye hori ni kinyume: huko unataka ulaini, kona za mviringo zisizoficha mabaki, na hapo ndipo niru ina kazi yake, chini ya kinga nyingine.

Dukani: dawa gani inafanya kazi gani

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu maandishi kwenye madebe yote yanaahidi jambo lilelile. Kwa tabia yake, kuna dawa zinazopenya ndani ya zege na kuna zinazokaa juu kama ngozi.

Za kupenya ni za aina mbili kubwa. Silikati, ambazo hufanana na maji, hukutana na chokaa huru ndani ya vitundu na kutengeneza gundi zaidi ya saruji. Sakafu inakuwa ngumu, haitoi vumbi, hainyonyi maji haraka, na haiongezi utelezi kwa kuwa hakuna kinachobaki juu. Inafaa kwa njia ya kutembea na chumba cha kuhifadhia maziwa. Lakini gundi ile ni ndugu wa saruji, na uchachu unaoila saruji utaila nayo pia. Silani na siloksani zenyewe hazigumishi kitu. Zinalifanya zege likatae maji kama bata anavyokataa mvua. Zinafaa ukutani na kwenye nguzo za nje. Ukimwagiwa maji ya sileji juu yake, uso wa zege bado unaliwa.

Za kukaa juu ndizo zinazozuia uchachu kweli, lakini si zote. Rangi za sakafu za kawaida, zile nyekundu na kijani za barazani, nyingi ni za akriliki au za mafuta. Kwato za ng'ombe wa kilo 400 na zaidi huzimaliza kwa miezi michache, na maganda yake huishia kwenye samadi au horini. Usipoteze pesa.

Epoksi ndiyo ya maana kwa hali zetu. Huja kwa makopo mawili, resini na kigumishi, ambayo hayafanyi kazi mpaka yakutane kwa kipimo kilichoandikwa. Yakishakutana una muda mfupi, mara nyingi nusu saa tu, na joto la mchana linaupunguza zaidi. Kwa hiyo changanya kidogo kidogo. Muulize muuzaji akuonyeshe karatasi ya maelezo, na utafute maneno mawili: asidi ya laktiki na asidi ya siki. Si kila epoksi inazivumilia. Nyingine zimetengenezwa kwa ajili ya gereji, zinastahimili mafuta ya gari lakini zinalainika kwa siki. Kwa hori, tafuta pia maelezo kwamba ikishakauka inaruhusiwa kugusana na chakula au maji ya kunywa.

Kuna mipako ya poliuretani iliyochanganywa na saruji, minene ya milimita kadhaa, inayovumilia asidi na maji ya moto. Ndiyo inayotumika sana kwenye viwanda vya maziwa. Kwa mfugaji wa ng'ombe watatu ni gharama isiyorudi, na inataka mafundi waliofundishwa. Ushirika wenye kituo cha kukusanyia maziwa unaweza kuifikiria.

Vigae je? Kwa hori, mimi ndivyo navipenda kuliko rangi yoyote. Vigae vya sakafuni vya udongo uliochomwa vizuri haviliwi na uchachu wa bandani, vinasafishika kwa kitambaa, na mabaki kutoka ujenzi wa nyumba hupatikana kwa bei ndogo. Udhaifu wake ni maungio. Ukijaza maungio kwa saruji ya kawaida, uchachu utapita hapohapo na vigae vitaanza kucheza; jaza kwa epoksi. Kopo dogo linatosha hori zima, na hapo ndipo epoksi inapolipa kuliko popote. Usiweke vigae laini pale ng'ombe anapokanyaga, hata kama vimebaki vingi.

Ile poda ya wotaprufu inayochanganywa na zege haina ubaya. Inapunguza maji kupita. Haizuii asidi. Na oili chafu ya gari, ambayo wengine huipaka sakafuni kwa kuwa inasaidia mbao dhidi ya mchwa, iweke mbali kabisa na banda. Inatelezesha, ina sumu ambayo ng'ombe atailamba, na zege lililonyonya oili halipokei tena dawa wala kiraka. Wakulima wa Ulaya na Marekani walikuwa wakipaka mafuta ya kitani yaliyochemshwa kwenye zege lao. Hayo ni mafuta ya mmea na hukauka yakawa utando. Oili ya gari haikauki kamwe.

Kupaka bila kurudia

Epoksi nyingi zilizobanduka hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa chini yake.

Kwanza, muda. Zege jipya lifikishe siku 28. Msimu nao una neno: hapa kwetu Juni na Julai ni kiangazi, lakini usiku Njombe na Makete joto hushuka chini ya nyuzi 10, huko Kitulo hata jalidi hudondoka, na epoksi nyingi hugoma kukauka vizuri chini ya kipimo hicho. Umande wa jioni nao huiachia utando mweupe unaonata. Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya kazi hii: pakavu, na usiku una joto la kutosha. Anza asubuhi umande ukishapotea, umalize mapema alasiri.

Pili, unyevu. Chukua kipande cha nailoni angavu, sentimita 45 kwa 45, kibandike sakafuni kwa utepe wa kunata pande zote nne, ukiache usiku kucha, saa 16 au zaidi. Ukikuta matone chini yake au zege limebadilika rangi kuwa jeusi, sakafu inatoa maji. Usipake. Subiri, au tafuta maji yanatoka wapi. Mara nyingi ni mtaro wa nyuma ya banda uliozibika.

Tatu, usafi. Ondoa samadi yote, sugua kwa sabuni ya unga na maji ya moto, suuza, kisha kwangua kwa brashi ya chuma mpaka saruji legevu yote itoke. Ukikodi mashine ya kusaga sakafu, kazi inakuwa nzuri zaidi. Wengine huosha kwa asidi ile ya kusafishia vyoo. Inawezekana, kwa kipimo cha asidi moja kwa maji kumi, asidi ikimiminwa ndani ya maji na si maji ndani ya asidi, ukivaa glavu na miwani; baada ya hapo suuza mara tatu na uache pakauke kabisa. Kwenye zege lenye nondo sipendi njia hii, kwa sababu chumvi ya asidi hiyo huozesha chuma. Ukishamaliza, dondosha matone ya maji. Yakinywewa ndani ya dakika moja, zege liko tayari. Yakikaa juu kama shanga, bado kuna mafuta.

Paka praima, yaani mkono wa kwanza wa kushikiza, halafu mikono miwili ya epoksi. Pale ng'ombe atakapokanyaga, kama penye kukamulia, nyunyiza mchanga mkavu uliochekechwa juu ya mkono wa kwanza wa epoksi ungali mbichi, mpaka usione rangi tena. Kesho yake fagia uliolegea, paka mkono wa pili mwembamba. Mkono wa juu ukiwa mnene sana unafunika mchanga na unarudi kwenye utelezi. Mchanga ukiwa mkali na mkubwa sana unageuka msasa wa kwato. Jaribu kwa kiatu chako cha mpira: sakafu ikiwa imelowa, simama kwa mguu mmoja uzungushe kisigino. Kikiserereka, ng'ombe ataanguka.

Epoksi huonekana imekauka kesho yake, lakini uwezo wake wa kuvumilia asidi hukamilika baada ya siku 5 hadi 7. Usiweke sileji horini kabla ya hapo.

Sakafu iliyokwisha kuliwa

Makosa yanayojirudia ni kupiga plasta nyembamba juu ya kokoto zilizotokeza. Sentimita moja ya plasta juu ya zege lililochachuka itatoka vipandevipande kabla ya Krismasi. Tindua mpaka ufikie zege gumu linalolia "tii" ukiligonga kwa nyundo. Linalolia "pwa" litoe. Kata kingo za kiraka ziwe wima, kina kisipungue sentimita 3, kisitambae na kuishia kwa ukingo mwembamba kama wa chapati. Loweka zege la zamani usiku kucha, asubuhi ondoa maji yaliyosimama, sugua uji mzito wa saruji kwa brashi, na mwaga zege jipya uji huo ukiwa bado haujakauka. Kama sakafu nzima imechakaa, mwaga tabaka jipya la sentimita 5 au zaidi, ukikumbuka kwamba mlango na hori vitakuwa vifupi kwa kiasi hicho.

Ng'ombe wakae wapi? Ndilo linalowafanya watu waahirishe miaka mitatu. Tengeneza nusu ya banda kwa wakati mmoja, au wajengee kivuli cha muda cha nguzo na turubai kwenye udongo mkavu. Wiki tatu za udongo haziwadhuru. Kwato zenyewe zitakushukuru.

Pale wanapolalia usipake kitu. Weka godoro la mpira, au maranda ambayo huku Njombe na Mafinga kwenye viwanda vya mbao hayana shida kupatikana. Yawe makavu, na yaliyolowa yaondolewe kila siku, kwa maana maranda mabichi yaliyolowa hukuza vijidudu vinavyoleta ugonjwa wa kiwele. Yakiwa makavu hunywa mkojo kabla haujafika kwenye zege. Ukitaka kujua kama kitanda kinafaa, jiangushe juu yake kwa magoti. Yakikuuma wewe, ng'ombe naye hatalala vya kutosha.

Badilisha pia chepe. Fundi wa mjini atakukatia kipande cha tairi kuukuu na kukifunga kwenye mpini. Kinasukuma samadi vizuri na hakikwangui kitu. Maziwa yakimwagika, yasuuze saa ileile kwa maji baridi. Hori lifagiliwe kila asubuhi kabla ya chakula kipya, hata kama mabaki yanaonekana mazuri.

Siku ya kuwarudisha ng'ombe kwenye zege jipya lisilopakwa, usiwaingize moja kwa moja. Uso wake bado ni mkali na chokaa yake inalainisha kwato. Buruta kipande kizito cha zege au gogo juu ya njia yote mara kadhaa, kisha osha kwa maji mengi, urudie kesho na keshokutwa. Wengine hutandaza samadi usiku mmoja na kuifagia asubuhi, ili ng'ombe akute harufu anayoijua. Mwingize mmoja kwanza, yule mtulivu, kwa kamba fupi, bila mbwa wala watoto kushangilia mlangoni, na umwache anuse sakafu mpaka ainue kichwa mwenyewe.